Hajawahi Kufika kwa Mkapa: Je, Ni Shabiki?

Kutoka Kayanga hadi Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,300. Watu wengi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, wanaosema "timu yangu" hawajawahi kukalia hata kimoja kati ya viti 60,000 vya uwanja ule, na wengi wao hawatakikalia. Hata hivyo, Simba na Yanga zikikutana, Omurushaka inatulia kama kuna msiba, kisha inalipuka. Je, watu hawa ni mashabiki sawasawa na mkazi wa Temeke anayekwenda uwanjani kwa miguu? Na wao kwa wao, mwenye kadi ya uanachama, mwenye stika kwenye pikipiki, mwenye redio shambani, mwenye mkeka wa kubeti, nani ana haki ya kusema "sisi"?

Kwangu hili ni jambo zito. Mambo yanayomuunganisha mkulima wa kahawa wa Nyaishozi na mtu asiyemjua wa Kariakoo, bila ukoo, bila dini, bila chama cha siasa, si mengi. Ushabiki ni mojawapo. Ndiyo maana nimeyapanga hapa mabishano yanayosikika katika wilaya hizi mbili, nikayaweka katika sauti sita zisizo na majina. Wasemaji nimewatunga. Hoja zao ziko vijiweni kila wiki. Pale nitakapokuwa na langu la kusema, nitalisema.

Bodaboda wa Omurushaka: Mimi nasema wazi. Shabiki ni yule anayeonekana. Pikipiki yangu ina kibendera chekundu mbele, na abiria wa Yanga akipanda anajua tambo zitamfikisha hadi mlangoni kwake. Siku ya mechi nipo kibanda umiza mapema, kwa sababu ukichelewa utaangalia kisogo cha mtu dakika tisini. Na tukifungwa sijifichi. Novemba 5, 2023 Yanga walitupiga tano kwa moja. Kesho yake asubuhi nilikuwa kijiweni kama kawaida. Watoto wa shule wanapita wameniinulia vidole vitano, wateja wanadai nauli ya mia tano mia tano. Nikakaa palepale. Kuna wenzangu walipeleka pikipiki gereji siku hiyo, eti zina hitilafu. Hao siwahesabu.

Mzee wa Nyaishozi: Mwanangu, umesema vizuri, lakini unazungumza kana kwamba ushabiki ulikuja na king'amuzi. Sisi mpira tuliuona kwa masikio. Ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary. Betri zikichoka tunazianika juani juu ya bati tangu asubuhi, ili mchana zipate nguvu ya kipindi kimoja angalau. Kipindi cha pili unaombea tu. Redio inakoroma, unasikia kelele za uwanja, hujui aliyefunga ni nani, na hapo ndipo moyo unapopimwa. Mimi ni Yanga tangu kijana. Lakini mwaka 1993, Simba ilipocheza fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan, niliwaombea. Walikuwa wametoka sare ya bila bao kule Ivory Coast, tukajua kombe linabaki nchini. Wakafungwa mbili nyumbani. Sikucheka. Ninyi vijana mtani wenu akicheza na Waarabu mnavaa jezi ya Mwarabu.

Bodaboda: Waitu mzee, hilo la kumshangilia mgeni ndio utani wenyewe. Bila huo hakuna Simba na Yanga.

Mzee: Utani naujua. Yanga imezaliwa 1935, Simba mwaka uliofuata, ikapita majina kadhaa hadi Sunderland, na hili la Simba imelipata 1971. Wamekua pamoja kama watoto wa nyumba moja. Mtani anakucheka mbele yako, na ukifiwa anakuja kuchimba kaburi. Hicho cha pili ndicho ninachokitafuta kwenu sikioni.

Fundi cherehani wa Kayanga: Shikamoo mzee. Naomba niulize kwa heshima. Hiyo redio ilikaa wapi?

Mzee: Marahaba mwanangu. Ilikaa kwangu, karibu na kiti changu.

Fundi: Na mama alikuwa wapi?

Mzee: Alikuwa jikoni, anamenya ndizi.

Fundi: Basi naye alisikia. Mpira wote aliusikia, mabao yote aliyajua, na hakuna aliyemuuliza yeye ni wa timu gani. Ikafikiriwa ni ya mume wake. Mimi ni mweka hazina wa tawi la Yanga. Kibanda umiza siendi, mechi za usiku zinaisha saa nne na mwanamke akiingia pale vichwa vyote vinageuka. Ushabiki wangu uko kwenye daftari. Ukurasa wa kwanza, majina na namba za kadi. Ukurasa wa pili, michango ya mwezi. Nyuma kabisa, wagonjwa na waliofiwa, nani alikwenda na nani alituma. Bendera mnazopeperusha nimezishona mimi, kijani mita mbili, njano mita mbili, nyeusi ya ukingo. Bodaboda anasema shabiki ni anayeonekana. Mimi nasema anayeonekana amebebwa na watu wasioonekana.

Naomba nikae kidogo kwenye hilo daftari, maana watu wa mijini wanaoandika habari za ushabiki hulipita. Katika wilaya hizi, tawi la timu hufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na ukoo na jirani. Mtu akilazwa hospitali ya Nyakahanga, wanachama wanachangishana. Akifariki, wanaingia msibani na jezi, wa timu ya pili nao wanakuja na zao, na kwa saa chache rangi hazina ugomvi. Mtumishi aliyehamishiwa Kyerwa kutoka Mtwara, asiye na shangazi wala binamu huku, anapata watu wa kumzika kwa sababu ya kadi ya Yanga. Huo ni ushiriki ambao kamera hazijawahi kuuonyesha, na kwa maoni yangu ndio uliobeba mengine yote.

Kijana wa Isingiro: Mnazungumza bendera na misiba. Mimi naujua mpira kuliko ninyi nyote. Niulizeni ligi yoyote. Nani anacheza ugenini vibaya, nani kipa wake majeruhi, refa gani anatoa kadi. Ninafuatilia mechi ambazo ninyi hamjui hata zipo. Kama kushiriki ni muda na akili, nani amenizidi?

Mwalimu wa Nkwenda: Unafuatilia kwa sababu ya mkeka, dogo.

Kijana: Na wewe unafuatilia kwa sababu ya nini, mwalimu? Raha. Mimi raha na hela. Kosa liko wapi?

Mzee: Kosa liko kwenye butura. Najua vijana waliouza kahawa ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya kutupa, ili wapate cha kuweka kwenye mkeka Jumamosi. Mavuno yanafika, mbuni uko shambani kwake, kahawa ni ya mtu mwingine. Serikali inapiga kelele kila mwaka kuhusu butura, wazee tunapiga kelele, na sasa mpira umeongeza sababu.

Kijana: Mzee, nakuheshimu. Lakini mwaka 2017 kampuni moja ya kubeti, SportPesa, iliingia kifuani mwa jezi ya Simba na kifuani mwa jezi ya Yanga kwa wakati mmoja. Kuna aliyevua jezi? Mlinunua. Mama fundi alizipunguza mikono. Timu inalishwa na sisi tunaopoteza, halafu sisi ndio tunaambiwa si mashabiki.

Hapo kijana ana haki, na sijasikia mtu akimjibu vizuri. Klabu haiwezi kula fedha za mkeka na wapenzi wake wakamkana mchezaji wa mkeka. Lakini kuna jambo analoliruka. Jumamosi moja timu yake inaongoza moja bila, na kwenye simu yake ameweka sare. Dakika ya 80 moyo wake uko wapi? Siulizi kumshtaki. Anayeombea timu yake isawazishiwe amehama bila kubadili jezi, na kuhama huko kunaumiza kuliko shilingi zilizopotea, kwa sababu kunamwondolea kitu alichokipenda tangu utotoni. Nimewaona vijana wa namna hiyo wakiangalia bao la timu yao wamekaa kimya, macho kwenye simu, huku kibanda kizima kimesimama.

Mama mchuuzi wa Murongo: Mimi sina kadi, sina tawi, na timu nimebadili. Nasikia mtanifukuza.

Bodaboda: Umebadili timu? Mama, mtu anabadili dini, habadili timu.

Mchuuzi: Sikiliza kwanza. Sisi wa Murongo tunavuka mto tunaingia Kikagati, Uganda. Wateja wangu nusu ni wa kule. Emmanuel Okwi alipokuja Simba, wateja wakaanza kuniuliza habari zake. Nikalazimika kujua. Nikampenda. Akawa kama kijana wetu wa ng'ambo aliyekwenda mjini akafanikiwa. Alipopita Yanga, nikaenda naye. Aliporudi Simba, nikarudi. Akaja Meddie Kagere wa Rwanda, akawa mfungaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo, huyo naye nikamfanya wangu. Baadaye Khalid Aucho, naye wa Uganda, akaenda Yanga. Basi! Wewe ulizaliwa ndani ya timu ya baba yako. Mimi nilichagua watu.

Bodaboda: Huo si ushabiki, huo ni urafiki na mchezaji.

Mchuuzi: Na Machi 24, 2019 je? Taifa Stars wanaipiga Uganda tatu bila, tunakwenda AFCON mara ya kwanza tangu 1980. Nilikuwa na wateja wa Kikagati siku iliyofuata. Nilifurahi kwa nchi yangu, na sikumtambia mtu, kwa sababu wale nao walikuwa tayari wamefuzu na tulikuwa tunakwenda Misri wote. Tulizungumza mpira hadi jua likawa kali. Niambie hapo nilikuwa shabiki au sikuwa.

Bodaboda hakubali, na nadhani hatakubali. Mimi namkubali mama huyu kabisa. Watu wa mpakani wanaishi na nchi tatu katika soko moja, na mapenzi yao lazima yapite njia za soko. Mchezaji kwao ni jirani anayecheza mbali. Anayefuata mchezaji anapoteza kitu, hana historia ndefu ya machungu ya timu, ila anapata jicho. Atakuambia Okwi alivyokuwa akiupokea mpira akiwa amelipa goli mgongo, wakati wenye kadi watakuambia tu matokeo.

Mwalimu: Sasa niruhusuni niwaumize. Mei 19, 2018. Simba imeshakuwa bingwa, haijafungwa mechi hata moja msimu mzima. Rais Magufuli yuko uwanjani kukabidhi kombe. Wanaingia Kagera Sugar. Golini yuko Juma Kaseja, kipa aliyejijengea jina Simba kwenyewe. Edward Christopher anafunga, moja bila, Simba inapokea kombe imenuna. Timu ya mkoa wetu! Imekwenda Dar es Salaam mbele ya Rais ikaharibu rekodi. Nilitoka nje nikitafuta mtu wa kukumbatiana naye. Nkwenda nzima ilikuwa na msiba upande mmoja, na upande wa pili Yanga wanacheka Simba kufungwa. Hakuna aliyesema "tumeshinda".

Bodaboda: Mimi nililia, sikufichi.

Mwalimu: Ulilia kwa sababu mkoa wako umeshinda. Fikiria. Na Simba au Yanga walipokuja uwanja wa Kaitaba, pale Bukoba, mwenyeji alichezea nyumbani kama mgeni, jukwaa lote limevaa rangi za Dar. Mwaka 2025 Kagera Sugar ilishuka daraja, na vijiweni ilizungumzwa siku mbili. Tunasema tunashiriki. Tunashiriki katika nini? Katika kuupeleka moyo wetu mahali ambapo hautuhitaji.

Bodaboda: Mwalimu, nikujibu kwa adabu. Kagera Sugar ni timu ya kiwanda, Misenyi huko. Haikuwahi kunitafuta. Simba ilinikuta mtoto, kwenye redio ya mjomba, kwenye kalenda ya ukutani, kwenye daftari la shule. Unanidai mapenzi kwa sababu ya ramani? Ramani yenyewe inabadilika. Kyerwa ilikuwa Karagwe hadi 2012.

Mwalimu: Basi acha Kagera Sugar. Chukua kombe la mbuzi hapo kijijini kwako. Vijana wanacheza peku, nusu ya uwanja ni jiwe, kamba za goli hakuna, bao linabishaniwa kama lilipita juu au ndani. Mshindi anapewa mbuzi. Mara ya mwisho ulisimama pale lini?

Bodaboda: Huwa napita na abiria.

Mwalimu: Unapita. Mimi nina kipimo changu. Shabiki ni yule ambaye asipokuwepo, pengo linaonekana. Simba haitajua kama haukuangalia. Wale watoto watajua.

Fundi: Mwalimu, kipimo hicho nimekipenda, halafu kimenichoma. Nina shangazi Bweranyange. Miguu imekufa ganzi, hatoki kitandani bila msaada. Redio iko kwenye mto wake wa kulalia. Kikosi cha Yanga anakijua chote, na siku Yanga ilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho kule Algiers, Juni 3, 2023, alifunga kula. Tulishinda moja bila kule, kombe likaenda kwa USM Alger kwa bao la ugenini, kwa sababu hapa nchini walitufunga mbili kwa moja. Alilia usiku, kesho yake akanipigia simu kuuliza kama mshambuliaji wetu Mayele ataondoka. Asipokuwepo, pengo lake nani ataliona? Tawi halimjui. Klabu haimjui. Kwa kipimo chako, shangazi yangu si shabiki.

Mzee: Huyo ni shabiki kuliko mimi.

Mwalimu: Sina jibu la shangazi yako.

Kipimo cha mwalimu kilikuwa kimenivuta na mimi, kwa sababu kinatukumbusha wajibu. Lakini mama wa Bweranyange anakivunja, na hatuwezi kumtoa nje ili kanuni ibaki nzuri. Kumbe ziko shughuli mbili. Kuna kupenda, na kwa hilo hakuna tiketi wala kadi, wa kitandani na wa jukwaani wako safu moja. Na kuna kubeba, yaani daftari, michango, bendera, kelele, kuwapo. Anayependa bila kubeba hatudai kitu kwake. Anayebeba ndiye mwenye haki ya kudai, kwa maana ya kusikilizwa. Na hapa ndipo ninapoona dhuluma halisi, kuliko hii vita yetu ya nani wa kweli na nani wa bandia.

Fundi: Sema basi Machi 8, 2025.

Bodaboda: Usinikumbushe.

Fundi: Nitakukumbusha. Watu mikoani wamejichanga, wamepanda basi usiku na mchana kwenda kuona Simba na Yanga. Jana yake klabu zinagombania lango la uwanja, nani azuie nani kufanya mazoezi. Siku yenyewe ya mechi inatangazwa imeahirishwa. Ikaja kuchezwa Juni 25, tukashinda mbili.

Bodaboda: Mlishinda, sawa.

Fundi: Siongelei kushinda. Naongelea nauli. Kwenye daftari langu nauli ina mstari wake, ni kilo za kahawa za mtu. Nani aliulizwa? Wakati wa kuuza jezi tunaitwa Wananchi, tunaitwa familia. Wakati wa kuahirisha tunasikia kwenye simu kama watu baki.

Kijana: Ukibeti mechi moja ikaahirishwa, hela inarudi.

Lilikuwa neno la kijana tu, lakini nimelifikiria sana. Kampuni ya kubeti ina utaratibu wa kumrudishia mteja wake fedha. Mpenzi aliyetoka mkoani kwa basi hana pa kupeleka risiti. Klabu hizi zimezungumza kwa miaka juu ya mfumo wa hisa ambamo wanachama wanabaki na asilimia 51, na hilo ni jema. Lakini asilimia hizo zinapimwa kwenye mikutano ya Dar es Salaam. Ningependa kuona, kabla ya hisa, jambo dogo: mweka hazina wa tawi la Kayanga ana namba ya mtu klabuni wa kumpigia, na mtu huyo anapokea.

Mzee: Klabu mtaisubiri. Mimi nimeisubiri tangu betri za juani. Tufanye la hapa. Mwalimu, hao watoto wako wanacheza lini?

Mwalimu: Fainali ya kata ni baada ya kuvuna. Wasichana nao wana mechi yao kabla ya wavulana, mwaka huu wamejiandikisha wenyewe. Wamesikia habari za Simba Queens kufika nusu fainali ya Afrika 2022.

Mchuuzi: Kama ni siku isiyo ya gulio nitakuja, na wa Kikagati nawaleta. Mpira ni mpira.

Bodaboda: Nitabeba watu, nauli nusu. Lakini nawaambia mapema, kibendera changu sishushi. Na hao watoto, tunawashangilia kwa rangi gani? Nyekundu hamtaki, kijani sivai.

Fundi: Rangi nitashona mimi, na nitachagua mimi. Kijana, wewe unajua kuhesabu, utakaa na daftari siku hiyo. Na michango ya kitambaa nataka iwe mkononi mwangu kabla hela ya kahawa haijaisha.